Gari la Misuli la Kimarekani: Dalili za Kusoma Kabla Hujatoa Hela

Anayetafuta gari la misuli, yaani gari la kawaida la Kimarekani lililotiwa injini kubwa yenye nguvu, kama Mustang, Camaro au Charger ya zamani, karibu kila mara huanza na injini. Anafungua boneti, anaomba gari liwashwe, V8 inanguruma, na hapo hapo moyo unakuwa umeshanunua. Ninaelewa, maana mngurumo huo ndio uliotuleta wengi wetu kwenye magari haya. Lakini injini ya V8 ya Marekani ya miaka ya 1960 ni chuma kigumu, spea zake zinatengenezwa mpaka leo, na fundi mzuri anaishusha, anaifungua na kuirudisha ikiwa nzima. Hela hupotelea kwingine: kwenye kutu iliyofunikwa na rangi nzuri, na kwenye gari ambalo silo lile lililotangazwa.

Kwa hiyo hapa tunaanza na utambulisho, tunakwenda kwenye bodi, kisha injini na vinginevyo. Magari yenyewe ni yale yaliyotoka kati ya 1964, Pontiac ilipoingiza injini ya inchi za ujazo 389 kwenye Tempest na kuiita GTO, na miaka ya mwanzo ya 1970, wakati sheria za moshi, bima ghali na mgogoro wa mafuta wa 1973 vilipoyaua. Ya siku hizi nimeyatengea sehemu fupi karibu na mwisho.

Tangazo linasema SS, R/T au GTO, na bei iko chini ya soko

SS ni toleo la nguvu la Chevrolet, R/T la Dodge, GTO la Pontiac. Cha kushuku kwanza ni gari la kuigiza: gari la zamani kweli, lakini la toleo la kawaida, lililovalishwa beji, rangi na injini ya toleo la juu. Kulitengeneza gari la hivyo si kosa, na mengine ni matamu sana kuendesha. Kosa ni kuliuza kwa bei ya lile la asili. Na kishawishi ni kikubwa: mwaka 2014, Plymouth 'Cuda ya 1971 yenye paa la kukunja na injini ya Hemi, ile kali ya Chrysler, iliuzwa dola milioni 3.5 kwenye mnada wa Mecum mjini Seattle. Ndugu yake mwenye injini ndogo hakaribii hata kidogo bei hiyo, ingawa kwa macho wanafanana.

Njia ya kujua ni kusoma namba ya chasisi. Mfumo wa herufi na tarakimu 17 unaotumika leo ulianza na magari ya 1981. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na utaratibu wake, ndiyo maana tovuti nyingi za kukagua namba hukwama ukiziingizia namba ya gari la 1969. Inabidi uisome mwenyewe.

Dodge na Plymouth ndizo rahisi kuliko zote, kwa sababu herufi ya tano ni ya injini (injini zenyewe huitwa kwa ukubwa wake wa inchi za ujazo). Kwa magari ya 1970, R ni Hemi 426, V ni 440 yenye kabureta tatu, U ni 440 ya kabureta moja, N ni 383 yenye nguvu, na G ni 318 ya kawaida. Mwanzo wa namba nao unasema mengi. Charger ya 1968 au 1969 inayoanza na XP29 ilizaliwa Charger ya kawaida, hata kama imeandikwa R/T kila upande. R/T yenyewe huanza na XS29. Mjadala unaishia hapo.

Ford pia inasomeka vizuri. Mustang ya 1965 inayoanza 5F09K ni ya mwaka 1965, imeundwa Dearborn, ina mgongo wa kuteremka, na K ni injini ya 289 ya nguvu za farasi 271. Penye K pakiwa na C, hiyo ni 289 ya kawaida ya nguvu 200. Ila kuwa mwangalifu unasoma wapi. Kibati cha mlangoni kwenye Mustang za mwanzo kinauzwa kipya na yeyote anaweza kukipachika. Namba ya kuamini ni ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe cha ndani ya madigadi ya kushoto, ndani ya chumba cha injini.

General Motors, yenye Chevrolet, Pontiac na Oldsmobile, ndiko watu wanakoumia. Camaro ya 1969 inaanza, tuseme, 124379N. Ile 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya V8, 37 ni milango miwili yenye paa, 9 ni mwaka, N ni kiwanda cha Norwood, Ohio (ingekuwa L ni kile cha Los Angeles). Kinachofuata ni namba ya mfululizo tu. Hakuna mahali panaposema SS wala Z/28, toleo jingine kali la Camaro. Mwaka huo zilitoka Z/28 20,302, na ukipita kwenye minada unaweza kudhani zimezaana. Chevelle SS 396 ilikuwa na mwanzo wake, 138, kati ya 1966 na 1968. Kuanzia 1969 SS ikawa kifurushi cha nyongeza, na namba ikanyamaza. GTO ni kinyume chake: za 1964 na 1965 zimejificha ndani ya namba za LeMans na Tempest, Pontiac za kawaida, halafu za 1966 hadi 1971 zinaanza na 242.

Namba ikinyamaza, unahitaji karatasi. Karatasi ya kiwandani iliyofuatana na gari wakati wa kuundwa mara nyingi ilibaki juu ya tangi la mafuta au ndani ya springi za kiti cha nyuma, na mara nyingine bado ipo, imeliwa na panya nusu lakini inasomeka. Pontiac ina kumbukumbu zinazotolewa na Pontiac Historic Services. Ford za kuanzia 1967 zina ripoti ya Marti, inayotoa kumbukumbu za kiwanda za gari lenyewe, na kwa Mustang ya bei kubwa nisingetoa hata senti bila hiyo ripoti. Camaro na Chevelle zilizouzwa mpya Kanada zina bahati, kwa kuwa GM ya Kanada ilitunza kumbukumbu zake. Za Marekani hazina hifadhi ya namna hiyo ya gari moja moja.

Hukumu yangu ni hii: Chevelle "SS" isiyo na karatasi ilipie bei ya Malibu, yaani Chevelle ya kawaida, iliyotengenezwa vizuri. Muuzaji akikataa, muache na gari lake. Huenda anasema kweli, lakini siku utakapouza wewe, mnunuzi wako naye atadai karatasi hizo hizo.

Injini imechakaa, lakini mahali penye namba panang'aa

Gari lenye injini yake ya kuzaliwa lina thamani kubwa zaidi, na hapo ndipo watu hugonga namba upya. Kwa Chevrolet, tazama kipande bapa upande wa mbele wa bloku, mbele kidogo ya silinda hedi ya upande wa abiria. Utakuta namba ya kiwanda cha injini, kama V0115DZ: V ni Flint, 0115 ni tarehe 15 Januari, DZ ni 302 ya Z/28 ya 1969. Karibu nayo kuna sehemu ya namba ya chasisi.

Mashine ya kiwandani ilipokata uso huo iliacha mistari myembamba sana, iliyonyooka, inayokwenda mbele na nyuma. Uso ukiwa laini kabisa, au una mikwaruzo ya mviringo, bloku imesagwa. Inawezekana ilisagwa kihalali wakati wa kufanya ovahaulo. Namba zikafutika, mambo yakaishia hapo. Lakini uso uliosagwa ukiwa bado una namba safi kabisa, kuna mtu amezigonga baadaye.

Kuna tarehe nyingine ambayo waongo wengi huisahau, nayo ni ile iliyosubiwa kwenye bloku yenyewe: herufi ya mwezi kuanzia A kwa Januari, kisha siku, kisha tarakimu ya mwaka. C 14 9 ni tarehe 14 Machi 1969. Ikiwa gari liliundwa Februari 1969, injini hiyo haikuwepo duniani. Nenda na tochi, kitambaa na kimiminika cha kusafishia grisi. Muuzaji asiyependa usafishe hapo amekwisha kukujibu.

Kibati cha namba kwenye dashibodi kina skrubu, au ripiti za kawaida

General Motors ya nusu ya pili ya miaka ya 1960 ilifunga kibati hicho kwa ripiti zenye kichwa cha umbo la ua. Ukikuta ripiti za mviringo za dukani, skrubu, gundi, au mikwaruzo pembeni ya kibati, simama kwanza. Pengine dashibodi ilibadilishwa na fundi asiyejua. Pengine namba imehamishwa kutoka gari lililokufa kwenda kwenye gari la wizi.

Kuna sura ya tatu ambayo ni ya siku hizi. Kampuni ya Dynacorn inatengeneza bodi mpya nzima za Camaro na Mustang za zamani, chuma kipya kabisa kisicho na namba yoyote. Gari lililojengwa juu ya bodi hiyo linaweza kuwa bora kuliko lilivyotoka kiwandani. Lakini likiwa limepachikwa kibati kilichobanduliwa kwenye gari lililooza, sheria ya shirikisho ya Marekani inaweza kulihesabu kuwa limechezewa namba, na polisi wakilichukua unabaki na risiti mkononi. Hii ni dalili ya kuondoka. Hakuna punguzo la bei linaloifanya iwe salama.

Linganisha pia namba ya kwenye gari na ile ya kwenye hati ya umiliki, ile inayofanya kazi ya kadi ya gari Tanzania au logibuku Kenya. Herufi moja ikikosewa unaweza kuhangaika mwaka mzima kwenye ofisi za usajili. Na jina la kwenye hati lazima liwe la huyo anayekuuzia. Akisema "hati bado iko kwa jina la yule niliyenunua kwake", mwambie akabadilishe kwanza, kisha mkutane tena.

Gari la 1972 linatangazwa kwa nguvu ndogo kuliko la 1971, injini ile ile

Hapa hujaibiwa. Hadi 1971 kampuni nyingi zilitangaza nguvu ya injini iliyopimwa peke yake, bila feni, sailensa wala mizigo mingine. Mwaka 1972 zikahamia kupima injini ikiwa na vyote inavyovaa ndani ya gari. Ndiyo maana Chevelle ya 454 LS5 ilitangazwa nguvu 365 mwaka 1971 na 270 mwaka 1972. Upo upungufu wa kweli pia, kwa sababu General Motors ilishusha mgandamizo wa injini zake kuanzia 1971 ili ziweze kutumia mafuta yenye risasi kidogo, lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kipimo tu. Mara nyingi gari la 1972 ni ununuzi wa busara: bei iko chini, na halikatai petroli ya kawaida.

Rangi inawaka, lakini sumaku haishiki

Hapa taratibu. Hapa ndipo gari linaponunuliwa au kuachwa.

Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa isichubue, kisha ipitishe sehemu ya chini ya milango, nyuma ya magurudumu ya nyuma, kwenye kingo za madigadi na pembe za chini za buti. Isiposhika, chini ya rangi kuna pati ile mafundi wa bodi wanayojazia mashimo. Ukiwa na kipimo cha unene wa rangi ni vizuri zaidi: rangi ya kiwandani kwa kawaida haipiti sana mikroni 150, na ikionyesha zaidi ya 1,000 unapima pati. Pati kidogo penye jeraha la zamani haitishi. Pati iliyojaa upande mzima ina maana kuwa chuma hakipo.

Kutu ya magari haya ina tabia kwa kila aina, na ukijua tabia yake unajua pa kuangalia.

Mustang za mwanzo huoza kuanzia juu kwenda chini. Matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele hupokea maji na majani, majani yanakaa na unyevu, chuma kinatoboka, na maji yanadondokea miguuni pa dereva na abiria. Dalili ni zulia bichi au harufu ya ukungu. Kuipima ni rahisi: mwaga maji taratibu kwenye matundu hayo huku mwenzako akimulika chini ya dashibodi. Yakidondoka, kazi yake ni kubwa, maana inabidi kukata chuma kilichochomelewa chini ya kioo. Sakafu yenyewe inauzwa mpya na hainitishi. Ninachoogopa zaidi ni mihimili ya mbele chini ya betri, ambako asidi imekula kwa miaka mingi, na maboksi ya chuma yanayounganisha mihimili hiyo na sakafu. Kwenye Mustang hadi 1970, sehemu ya juu ya tangi la mafuta ndiyo sakafu ya buti, kwa hiyo kutu ya hapo ni suala la usalama.

Kwenye gari la paa la kukunja, tazama nafasi kati ya mlango na bodi. Ikiwa juu imebana na chini imeachia, au mlango unagoma kufunguka gari likiwa kwenye jeki, kati pamelegea. Bila paa la chuma, vizingiti vya chini ya milango ndivyo vinavyobeba gari lote, na kama vimeoza gari linapinda. Hii ni ya kuondoka, labda kama unalinunua kwa bei ya spea.

Chevelle, GTO na Oldsmobile 442 zina chasisi ya peke yake chini ya bodi. Lala chini uitazame inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma; gonga kwa mpini wa bisibisi. Mlio mkavu ni mzuri, mlio uliokufa ni kutu ya tabaka. Kisha nenda kwenye kioo cha nyuma. Maji hukaa kwenye mfereji unaokizunguka, yanatoboa, yanaingia kwenye buti. Malengelenge kwenye kona za kioo hicho yana maana kuwa sakafu ya buti nayo imeshaguswa. Paa lililovikwa vinaili huficha hadithi hiyo hiyo: bonyeza kwa kidole, ukisikia inachakacha kama majani makavu, chuma cha chini kinakwisha.

Camaro na Firebird zimegawanyika. Mbele kuna fremu iliyofungwa kwa bolti na bushi za mpira, nyuma bodi ndiyo inayobeba. Bushi zilizokwisha huifanya pua ilale na milango isikae sawa, na hizo hubadilishwa bila shida kubwa. Kutu iliyokula mahali bolti zinapoingia kwenye bodi ni shida ya kweli.

Kwa Dodge na Plymouth, kagua mhimili unaokatiza chini ya sakafu ya mbele. Suspensheni ya mbele ya magari haya haina springi za koili. Ina fimbo ndefu za chuma zinazojisokota, na mwisho wake umeshikwa na mhimili huo. Ukioza, uzito wa mbele wa gari unaning'inia kwenye chuma kilichochoka. Kisha tazama mahali springi za nyuma zinaposhikwa kwa mbele.

Gari lilikoishi nako kuna uzito wake. Michigan, Ohio, Pennsylvania na New York hunyunyiza chumvi barabarani majira ya baridi, na chumvi hailali. Arizona, New Mexico na Nevada ni kavu. Huko utakuta dashibodi imepasuka na raba zote zimekauka, lakini chuma kizima. Kati ya gari baya wa sura kutoka Arizona na linalong'aa kutoka Ohio, mimi nachukua lile baya bila kufikiri mara mbili. Kwa gari la Louisiana au Florida inua mazulia utafute mstari wa matope, kwa sababu mafuriko hayaandikwi kwenye tangazo.

Umefika, injini tayari ina moto

Muuzaji amekuwahi. Mwambie mapema kwamba unataka gari lililolala usiku mzima, na ukifika gusa rejeta kabla ya salamu kuisha. Injini ya baridi inasema mambo ambayo ya moto inayaficha.

Moshi wa bluu unaotoka kwa sekunde chache baada ya kuwasha kisha unakwisha: sili za valvu zimekauka, oili imeteremka usiku. Kazi ndogo. Moshi wa bluu unaoongezeka unapokanyaga mafuta: ringi zimekwisha, hesabu ovahaulo. Moshi mweupe wenye harufu tamu, na maji yanapungua: gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe imepasuka. Moshi mweusi ni kabureta inayomimina mafuta kupita kiasi, na hiyo isikutishe.

Lakini moshi mweupe mwingi usio na harufu tamu, wakati oili ya giaboksi ya otomatiki inapungua bila kuvuja popote, una chanzo ambacho mafundi wengi wa leo hawakijui. Giaboksi kama TH350 na TH400 za GM na C4 ya Ford zina kifaa kidogo kinachovutwa na hewa ya injini kuamua gia ibadilike lini. Ngozi yake ya ndani ikichanika, injini inanyonya oili ya giaboksi na kuichoma. Gia nazo hubadilika kwa kuchelewa na kwa kishindo. Kifaa chenyewe ni cha bei ndogo. Nimeona watu wakiambiwa giaboksi imekufa, kumbe ni hicho tu.

Mlio wa tiki-tiki unaokwisha oili ikipanda ni wa kawaida. Usiokwisha, pamoja na injini kutema kupitia kabureta, ni wa kemushafti iliyolika. Injini hizi zina tapeti bapa zinazosuguana na kemu moja kwa moja, na oili nyingi za magari ya sasa zina zinki kidogo mno kuzilinda. Muulize muuzaji anatumia oili gani. Asipojua, weka gharama ya kemu mpya kwenye hesabu zako.

Linachemsha

Uliza wapi. Linalochemsha kwenye foleni na kupoa barabara kuu limekosa hewa: kava la plastiki linalozunguka feni limetupwa, au klachi ya feni imekufa, au mtu amechomoa mpira wa vakyumu wa distribyuta kwa kudhani ni urembo. Linalochemsha kwenye mwendo kasi limekosa maji: rejeta imeziba, pampu imechoka, au mpira wa chini wa rejeta unajikunja kwa kuvutwa kwa sababu springi yake ya ndani haipo. Yote haya ni ya kutengeneza. Ila kama muuzaji amefunga feni mbili za umeme na bado anaangalia geji kila dakika, tatizo liko ndani zaidi, pengine silinda zimetanuliwa mno.

Injini za mgandamizo wa 10.5 au 11, kama nyingi za 1970, zikigonga unapopanda mlima zinadai petroli ya okteni ya juu kuliko unayoipata. Kurudisha taimingi nyuma kunatuliza mlio na kunaongeza joto.

Taa zinafifia na kuwaka, kuna harufu ya waya

Kwenye Dodge na Plymouth, zima gari. Umeme wote wa kuchaji hupita kwenye geji ya ampea ndani ya dashibodi, ukiingia na kutoka kupitia plagi kubwa ya ukuta wa injini. Baada ya miaka 50 plagi hiyo ina kutu ya kijani, inapata moto, inayeyuka. Magari yameungua kwa njia hii. Chomoa plagi utazame: plastiki iliyobadilika rangi ni ushahidi tosha. Fundi umeme mzuri huipitisha njia mpya isiyogusa geji hiyo, na hiyo kazi ifanywe kabla hujalisafirisha gari.

Harufu ya petroli nayo isipuuzwe. Mipira ya zamani haivumilii ethanoli iliyomo kwenye petroli ya Marekani. Badilisha yote, siku hiyo hiyo.

Injini inaruka unapokanyaga mafuta

Mauntingi zimekatika. Mwishoni mwa 1971 General Motors iliita magari zaidi ya milioni 6 ya Chevrolet kwa ajili ya hili: injini ilikuwa inainuka na kuvuta mkono wa mafuta, gari linaongeza kasi lenyewe. Weka breki, tia gia, kanyaga kidogo huku mwenzako akitazama kutoka pembeni, asisimame mbele. Tatizo dogo kulimaliza, lakini usiliendeshe hivyo.

Breki na usukani

Pedali inayozama polepole ni masta silinda. Kuvuta upande mmoja ni silinda ya gurudumu inayovuja, au mpira wa breki uliovimba ndani na kuzuia mafuta kurudi. Pedali ngumu kwenye injini iliyofungwa kemu kali ni upungufu wa vakyumu. Jambo moja la lazima: GTO, Mustang na Chevelle za hadi 1966 zina masta silinda ya chumba kimoja, bomba moja likipasuka huna breki hata gurudumu moja. Za 1967 zina vyumba viwili. Kubadilisha kuwe sharti la kulitembeza barabarani.

Usukani unaotangatanga kwenye barabara iliyonyooka hutokana na boksi la stelingi kuchoka, viungo kulegea, au alaimenti iliyopigwa kwa vipimo vya matairi ya zamani wakati sasa limevaa matairi ya kisasa ya radial. Hiyo ni siku moja gereji.

Likiwa jipya au la juzi

Dodge iliunda Challenger na Charger za mwisho za V8 ya Hemi kiwandani Brampton, Ontario, Desemba 2023, na Camaro ikasimama karibu wakati huo huo. Mustang bado inatoka na V8 ya lita 5.0. Kwa Dodge ya Hemi iliyotumika, sikiliza mlio wa tiki asubuhi. Ukikwisha injini ikipata moto, bolti ya manifoldi ya moshi imekatika. Ukiendelea, tapeti na kemu zimeanza kulika, na hiyo ni injini kushuka.

Unataka kulipeleka nje ya Marekani

Oman na nchi za Ghuba wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo usukani wa kushoto si kikwazo. Joto ndilo mtihani, na dalili ndogo ya kuchemsha Arizona ni kubwa Muscat. Kenya hutaka gari la usukani wa kulia lisilozidi miaka 8, na Uganda ilifunga mlango kwa magari ya miaka 15 na zaidi mwaka 2018. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa gari lenye miaka 8 na zaidi. Uliza mamlaka ya forodha ya nchi husika kwa maandishi kabla hujalipa amana, na weka jibu hilo kwenye faili moja na hati ya umiliki. Forodha ya Marekani hutaka hati hiyo pamoja na gari lenyewe angalau saa 72 kabla ya kusafirishwa, na namba yake inalinganishwa na ile ya kwenye dashibodi.